Inherit the Truth ya Anita Lasker-Wallfisch, mpiga chelo aliyetoka Auschwitz

Nyota tano kati ya tano, na naziweka nikijua kabisa hiki sio kitabu cha kusoma ukiwa unasubiri boti. Mi napiga fidla kwenye kikundi cha taarab hapa Unguja, vitabu vya vita sio kawaida yangu, hiki nilikitafuta kwa sababu kimeandikwa na mpiga chelo (ile fidla kubwa ya sauti nzito inayopigwa umekaa) mwenyewe, sio mtu aliyemhoji mpiga chelo. Changu kilikuja na mgeni kutoka London, cha mkono wa pili, na kwa bei niliyolipa sina malalamiko hata kidogo. Kilitoka mwaka 1996. Ni chembamba, kina picha na barua na nyaraka za familia, Kiingereza chake chepesi, yani mtu wa kidato cha nne anakimaliza bila kamusi, maana mama huyu haandiki kwa kujipamba, anakwambia lililotokea halafu anasonga mbele.

Kwa ufupi kwa ambao hawamjui. Anita alizaliwa Julai 1925 Breslau, mji uliokuwa Ujerumani na leo uko Poland kwa jina la Wrocław. Familia ya Kiyahudi, baba wakili aliyepigania Ujerumani kwenye vita ya kwanza ya dunia hadi akapewa nishani ya Msalaba wa Chuma, mama anapiga fidla, mabinti watatu, Marianne, Renate na Anita wa mwisho. Nyumba ya vitabu na muziki. Baba alikuwa na amri yake, Jumapili nyumbani hakuna Kijerumani, ni Kifaransa tu, na watoto wakikosa maneno basi wanakaa kimya. Kumbukeni hiyo amri, itarudi.

Breslau ikafika mahali hakuna mwalimu wa chelo anayekubali kumfundisha mtoto wa Kiyahudi, ndo wakampeleka Berlin akiwa bado binti mdogo akafundishwe na Leo Rostal. Haikuchukua muda, Novemba 1938 masinagogi yakachomwa na maduka ya Wayahudi yakavunjwa, akarudi kwao. Marianne akawahi kuingia Uingereza kabla vita haijaanza. Wengine walibaki wanajaza fomu. Aprili 1942 baba na mama wakachukuliwa, hawakurudi tena. Anita alikuwa na miaka 16.

Sehemu hii ya kwanza karibu yote inasimuliwa na barua, barua ambazo familia ilikuwa inamwandikia Marianne kule Uingereza, na hapa nataka niwaambie wasomaji msiziruke. Kuna watu watachoka, zinaongelea viza za kusafiria, nani kapata kibali, mazoezi ya chelo yanaendaje, nani kamsalimia nani. Ila ndo penyewe hapo. Unaona watu wenye akili zao na adabu zao wanavyobanwa kidogo kidogo, na bado kwenye barua wanajitahidi wasimtie hofu binti aliye mbali. Mi nilizisoma polepole, nyingine mara mbili.

Baada ya wazazi kuondoka Anita na Renate wakawekwa kwenye nyumba ya mayatima na kupelekwa kufanya kazi kiwanda cha karatasi. Kiwandani kulikuwa na mateka wa vita Wafaransa. Kile Kifaransa cha Jumapili sasa kikapata kazi, wasichana wakaanza kuongea nao kwa siri, kisha wakaanza kuwatengenezea hati za kughushi ili watoroke warudi kwao Ufaransa. Mwishowe wakajaribu kutoroka wenyewe kwa hati hizohizo, Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, ikawadaka stesheni ya Breslau. Walikuwa wameshajiandaa, wana sumu mfukoni waliyopewa na rafiki yao Konrad Latte, naye mwanamuziki, wakaimeza palepale. Ikawa sukari. Konrad alikuwa amebadilisha mawazo, akaitoa sumu akatia sukari bila kuwaambia. Anaisimulia kwa mistari michache tu, nilirudi juu kuangalia kama nimesoma sawa.

Wakashtakiwa kwa kughushi, wakafungwa jela kama wahalifu wa kawaida. Na hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui kuhusu Auschwitz, ile kambi ya mauaji ya Wanazi, na kitabu kinalieleza vizuri sana. Anita alipelekwa kule Desemba 1943 kwenye treni ya wafungwa wa jela, sio kwenye yale mabehewa yaliyosheheni familia nzima za Kiyahudi. Wale wa mabehewa walikuwa wanachambuliwa wakishuka tu, huyu kazini, huyu kwenye vyumba vya gesi ya sumu, na wengi walienda kwenye gesi siku hiyohiyo. Mfungwa mwenye jalada la mahakama hakupitia mchujo ule. Kwa hiyo kosa la kughushi hati ndo lililomvusha mlango wa kwanza. Ukitafuta haki humo utachanganyikiwa.

Sasa mlango wa pili. Hii sehemu naieleza kwa urefu kwa sababu ndo kiini cha kitabu kwa mtu wa muziki. Kapokelewa na wafungwa wenzake waliopewa kazi ya kuwapokea wageni, kavuliwa nguo zote, kanyolewa nywele zote, kachorwa namba 69388 mkononi. Msichana anayemshughulikia anataka habari za nje, anamuuliza vita inaendaje na kabla ya hapa alikuwa anafanya nini. Akajibu, sijui kwa nini anasema, kwamba alikuwa anapiga chelo. Yule msichana akafurahi, akamwambia asimame pembeni asubiri, ataokoka. Basi kasimama pale, uchi, hana unywele, kashika mswaki mkononi. Akaja mwanamke kavaa koti zuri la manyoya ya ngamia, kajitanda kitambaa kichwani, akaanza kumuuliza umesoma kwa nani, unatoka wapi. Mazungumzo kama ya wanamuziki wawili waliokutana mlangoni kwenye onyesho. Huyo ndiye Alma Rosé, mpiga fidla wa Vienna, binti wa Arnold Rosé aliyeongoza fidla za Vienna Philharmonic, okestra kubwa ya mji huo, miaka na miaka, mjomba wake ni mtunzi Gustav Mahler. Ndiye kondakta wa okestra ya wanawake ya Birkenau, sehemu ya kambi hiyohiyo ya Auschwitz.

Alma alifurahi kuliko kawaida na sababu yake mi naielewa moja kwa moja. Okestra ilikuwa na fidla, mandolini, gitaa, akodiani, filimbi. Haikuwa na chombo cha sauti nzito hata kimoja. Kila aliyewahi kupiga taarab siku ambayo mtu wa besi hajaja anajua hali ile, nyimbo zote zinakuwa kama nyumba isiyo na msingi, mnapiga nota zilezile lakini hamshiki chini. Kwa hiyo Anita alipona kwa sababu kulikuwa na pengo kwenye mpangilio wa vyombo. Kama wangekuwa tayari na chelo mbili, sijui. Na yeye mwenyewe hasemi kwamba sanaa yake ilimlainisha mtu roho, hakuna kitu kama hicho. Walimhitaji, basi. Siku watakapoacha kumhitaji anajua panapofuata, moshi anauona.

Kazi yao. Asubuhi na jioni wanakaa karibu na geti kupiga machi, maelfu ya wafungwa wanatoka kwenda kazini na kurudi, muziki unawafanya watembee kwa hatua moja ili askari wahesabu kirahisi. Wanaorudi jioni wengine wanabeba maiti za wenzao. Katikati ya siku ni mazoezi, kunakili nota, na wakati wowote askari wa SS, kikosi cha Wanazi kilichoendesha kambi, anaweza kuingia kwenye banda lao akataka kupigiwa kitu. Daktari Mengele aliingia akataka Träumerei, kipande laini cha mtunzi Schumann, Anita akampigia. Huyo ndiye aliyekuwa anasimama kwenye reli kuchagua nani aingie kwenye gesi. Mi nimefundishwa kwamba mtu anayesikia muziki vizuri moyo wake umefunguka kidogo. Nimesoma ukurasa ule na sijui tena niwaambie nini wanafunzi wangu kuhusu hilo.

Alma alikuwa mkali mno. Alitaka wapige kama wako jukwaani Vienna, na mtu akipotea nota anaadhibiwa, Anita aliwahi kusugua sakafu ya banda kwa magoti kwa sababu ya kupiga vibaya, na hapo katoka kuugua taifasi, ule ugonjwa wa chawa, macho na masikio havijatulia. Mtu wa nje atamwona Alma katili. Anita hamwoni hivyo, anasema ukali ule uliwafanya wasiwe na nafasi ya kuangalia dirishani, wakae kwenye nota, na wengi wao walitoka hai kwa sababu ya Alma. Nataja hili kwa sababu mwimbaji mmoja wa okestra hiyohiyo aliandika kitabu chake zamani kabla ya hiki, kikawa maarufu, kikatengenezewa hadi filamu, na kule Alma kachorwa vibaya sana. Manusura wengine walikasirika, Anita akiwemo. Ukiwa utasoma kimoja tu, soma hiki.

Wakati wa hiyo taifasi alikuwa kalala kwenye banda la wagonjwa, wakaja kuchambua wa kupeleka kwenye gesi, mmoja akasema huyu ni mpiga chelo, wakampita. Walioko kitanda cha pembeni hawakuwa wapiga chelo.

Na kuna viatu. Siku ile ya kupokelewa Anita alikuwa na viatu vyeusi vya ngozi ya nguruwe vyenye kamba nyekundu, yule msichana aliyemnyoa akaviomba, akampa, maana vingechukuliwa tu. Renate akaja kambini baadaye kwa treni nyingine, wakati anapokelewa akaviona viatu kwenye miguu ya mfungwa mwingine, akauliza vya nani. Wakamwambia vya mpiga chelo, yuko hai, yuko kwenye okestra. Hivyo ndivyo dada wawili walivyopatana ndani ya Auschwitz.

Alma akafa Aprili 1944, ghafla, ugonjwa wa siku chache. Novemba mwaka huo wakawapakia wale wasichana wa Kiyahudi wa okestra kwenye mabehewa kuelekea Bergen-Belsen, kambi nyingine ndani ya Ujerumani. Huko hakukuwa na okestra, wala chakula, wala maji mwishoni, wala vyumba vya gesi kwa sababu havikuhitajika, watu walikufa wenyewe kwa njaa na taifasi mpaka maiti hazizikwi. Sura hii ni fupi na ndo nzito kuliko zote. Waingereza walifika tarehe 15 Aprili 1945. Anita ana miaka 19. Kesho yake akaongea kwenye redio ya BBC kwa Kijerumani, moja ya sauti za kwanza kabisa kutoka kule.

Hapa ndipo nataka msomaji akae chini. Sisi wasanii tuna tabia ya kusimamisha hadithi pale geti linapofunguliwa, kaokolewa na muziki, makofi. Kitabu hakisimami hapo. Karibu mwaka mzima baada ya kukombolewa bado alikuwa Belsen, anafanya ukalimani kwa jeshi la Uingereza, kwa sababu hana nchi ya kurudi na Uingereza haimpi ruhusa ya kuingia ingawa dada yake yuko kule. Anaitwa kutoa ushahidi kwenye kesi ya watu wa Belsen iliyosikilizwa mji wa Lüneburg, mkuu wa kambi na askari wake wamekaa kizimbani wana mawakili, na yeye anaulizwa siku gani, saa ngapi, mtu ambaye hakuwa na saa wala kalenda. Hasira yake kwenye kurasa zile bado ya moto.

Na kuna jioni moja Julai 1945, mpiga fidla maarufu Yehudi Menuhin alikuja Belsen kuwapigia manusura. Anita kamwandikia ndugu kuhusu onyesho lile, na kilichomkaa moyoni zaidi ni yule kijana aliyekuwa anampigia Menuhin piano, kwamba hajawahi kusikia upigaji wa aina ile. Jina hakulijua. Alikuwa Benjamin Britten, mtunzi mkubwa wa Uingereza. Miaka baadaye akawa anapiga chelo chini ya Britten huyohuyo. Kilichonigusa sio hiyo bahati, ni kwamba binti aliyetoka kwenye lundo la maiti miezi mitatu tu nyuma, sikio lake la muziki lilikuwa zima kabisa, linachambua mpiga piano. Hilo hawakuweza kulichukua.

Walichochukua ni miaka. Kuanzia alipotolewa kwa mwalimu wake Berlin mpaka anaingia London 1946 hakuwa na mafunzo ya kueleweka, na hiyo ndo miaka ambayo vidole vinajengeka, kila mpiga chombo cha nyuzi anajua, ukishafika ishirini unafukuzia. Akasoma kwa William Pleeth, akawa mmoja wa waanzilishi wa English Chamber Orchestra, akapiga nao miongo kadhaa, akaolewa na mpiga piano Peter Wallfisch wa Breslau kwao, wakapata Raphael na Maya. Kwa nje ni maisha yaliyofanikiwa sana.

Ndani kulikuwa kimya. Alipofika Uingereza hakuna aliyemuuliza, watu wakaona adabu ni kutouliza, na yeye akanyamaza kabisa. Watoto walikua wanaiona namba kwenye mkono wa mama na hawaambiwi. Hakukanyaga Ujerumani kwa karibu nusu karne, okestra yake ikienda ziara yeye anabaki, hadi 1994 ndo akakubali. Kitabu chenyewe alianza kukiandika kwa ajili ya watoto wake tu, kwa sababu kuwaambia kwa mdomo kulimshinda. Fikiria mtu anayeweza kumpigia Mengele bila mkono kutetemeka, halafu anashindwa kuongea na mwanawe mezani.

Na hapa nina lalamiko langu moja. Kichwa kidogo cha kitabu kinasema 1939–1945, na kweli maisha ya London yanapitiwa mbiombio. Gharama ya baadaye utaikusanya mwenyewe kwenye mahojiano yake na hasa kwa binti yake Maya, ambaye amekuwa mtaalamu wa saikolojia wa familia za manusura na ameongea wazi hadharani jinsi alivyokua na kitu kizito ndani ya nyumba kisicho na jina, na shida alizopitia yeye aliyezaliwa vita imeisha zamani. Raphael akawa mpiga chelo mkubwa wa kimataifa, mjukuu Simon ni mwimbaji na anapiga chelo pia. Wawili wakaenda kwenye nyuzi, mmoja akaenda kuuliza maswali. Ningetamani mama mwenyewe angeandika sura moja tu juu ya hilo. Simlaumu lakini, mtu anaandika anachoweza.

Baada ya kitabu ni kama mlango ulifunguka, alianza kuzunguka mashule ya Ujerumani miaka na miaka kuongea na watoto, na Januari 2018 akasimama kwenye bunge la Ujerumani akahutubia, ana miaka 92, bila kubembeleza mtu. Julai 2025 alitimiza miaka 100.

Sasa wa kununua. Wapiga vyombo wote, na hasa walimu wa muziki, mtakuwa na la kujadili muhula mzima. Waimbaji wa kwaya pia. Kama unatafuta historia ya vita na ramani na mikakati ya majenerali, humu haipo. Wanafunzi wa sekondari wanaweza kukisoma ila mwalimu asome kwanza sura ya Belsen mwenyewe, asiwaachie watoto wakutane nayo peke yao. Nakala za karatasi ndo nazipendekeza kuliko kusoma kwenye simu, kwa sababu ya barua na zile picha za familia kabla ya vita, kuna sura za watu mle unataka kuzirudia kila ukimaliza barua yao. Nakala yangu iko kwa mpiga kanuni wetu sasa hivi, akimaliza inaenda kwa kijana wetu wa chelo, na wengine watatu wameshaweka foleni.